Kilo Mia za Milanzi

Mimi ndiye niliyemfanya mwanamke arushe tufe mbali kwa kumkataza asiliguse tufe. Naanza na hilo makusudi, maana huko mbele habari inageuka, na sitaki mtu anifahamu kwa upande wa jeraha kabla hajanifahamu kwa upande wa kazi.

Alikuja kwangu, hapa mtaa wa Milanzi, Sumbawanga, dada mmoja mrefu, mama wa mtoto mmoja, anauza viazi sokoni. Shuleni alisifika kwa kurusha tufe, na michezo ya mkoa ikifika walikuwa bado wanamwita. Waliokuwa wakimfundisha walimrushisha asubuhi, wakamrushisha jioni, na tufe linaangukia palepale kama limefungwa kamba. Nikamtazama anavyosimama. Nikamwambia:

"Dada, tufe halina kosa. Miguu yako ni ya mtu wa kukaa kwenye stuli, na mgongo umelala. Nipe msimu mmoja. Hilo tufe weka uvunguni."

"Sasa kocha, mrusha tufe asiyerusha tufe anaitwaje?"

"Anaitwa mbeba chuma. Vua ndala, ingia."

Wanaume waliokuwa ndani wakacheka. Hawakucheka muda mrefu.

Mimi shule niliishia darasa la tano. Lakini mtu akitaka nguvu, awe mchezaji wa mpira, awe mkimbiaji, awe mgambo, anaulizia kwangu, na wenye vyeti vyao wanakuja kuchungulia dirishani. Nimejijenga mwenyewe. Nilianza kupakia magunia ya mahindi sijaota ndevu, nikajifunza kuchomelea kwa kumtazama fundi mpaka macho yakatoa machozi, nikafungua karakana yangu, na nyuma ya karakana nikajenga jimu kwa mikono hii. Chuma cha kubebea ni shafti ya lori lililokufa njia ya Namanyere. Benchi nimelitoa kwenye chasisi ya trekta. Kioo sina. Anayetaka kujiangalia aende saluni.

Na kama kuna anayeshangaa Mfipa amepata wapi akili ya chuma, awaulize wazee. Kabla ya majembe ya dukani, watu wetu walisimamisha tanuru za udongo ndefu kumpita mtu, wakayachoma mawe mpaka yakatoa chuma. Mabaki yake yapo mpaka leo huko Nkasi, ng'ombe wanajikunia. Mimi nasema chuma kimo kwenye damu.

Programu yangu haina siri. Watu hawaipendi kwa sababu ni ya polepole. Vijana wa mjini wanapenda kunyanyua kitu chepesi mara nyingi mbele ya simu, mikono ivimbe kama maandazi. Huo ni urembo. Mchezaji nampa chuma kizito, anachuchumaa nacho begani mara tano tu, anakirudisha, anakaa. Anapumzika mpaka pumzi irudi yote, hata kama jirani atadhani kalala. Kisha mara tano tena. Siku nyingine anaking'oa kutoka chini, siku nyingine anakisukuma juu ya kichwa. Na siku nyingine hashiki chuma kabisa, anaruka, anapanda kilima kwa kasi, maana nguvu isiyofundishwa kwenda haraka inabaki nguvu ya ng'ombe wa plau. Kila wiki naongeza kidogo sana, mpaka anayebeba anaona kama namwibia. Halafu unafika wakati nashusha uzito wote, mwili unapumzika kama shamba lililovunwa. Watu wa mpira waliniambia chuma kizito kinamfanya mtu awe mzito. Nikamchukua winga wao, mwembamba kama fito, nikamweka chini ya chuma kiangazi kizima. Ligi ilipofunguliwa, mabeki walikuwa wakimfikia ameshapita.

Sasa programu ya namna hiyo inasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni namba. Ukimwambia mtu leo ni themanini, iwe themanini. Ukikosea, unaweza kumvunja mtu mgongo, au kumpotezea mwaka wake akicheza na kitu chepesi. Na namba zangu zote, kila kilo iliyoandikwa kwenye jimu yangu, zilitoka kwenye mzani wa rafiki yangu.

Huyo rafiki tulianza wote kupakia. Tulikula sahani moja, ugali wa ulezi na mgebuka mmoja, na kichwa cha samaki ananiachia mimi kwa sababu anajua nakipenda. Ila yeye alikuwa na akili ya biashara. Akaanza kununua mahindi kwa debe, baadaye kwa gunia, mwishowe akapata godauni na mzani wa jukwaa, ule wenye mkono wa kusogeza na mawe ya kuning'iniza. Kabla sijawa na karakana nilimpakilia miaka mingi. Gunia linapanda jukwaani, yeye anasoma, mimi nalitia begani napanda nalo ubao wa lori. Wakulima wa Pito, kijijini kwetu, walipokuwa wanasitasita mlangoni, mimi ndiye niliyekuwa napaza sauti: "Pandisha mzigo, mzee! Mzani wa ndugu yangu hausemi uongo!" Na yeye anadakia, "Mzani huu haumjui shangazi wala mjomba!" Watu wanacheka, mizigo inapanda.

Alisimama upande wangu kanisani siku ya ndoa yangu. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyetoa lori la kubeba watu wa mazishi. Mama yangu, aliye Pito, anamwita mwanawe, na mahindi yake hajawahi kumuuzia mtu mwingine.

Nilipotaka kuanzisha jimu, sahani za chuma za kiwandani, zile za kuvisha kwenye shafti, hapa kwetu zilikuwa hazionekani. Tukamimina saruji kwenye mabeseni, mimi na yeye, katikati tunasimamisha kipande cha bomba. Zikikauka tunazipeleka kwenye mzani wake. Ikipungua naongeza tabaka, ikizidi nachonga kwa patasi, mpaka mkono wa mzani utulie. Hapo ndipo naandika namba kwa rangi nyekundu. Ile ya kwanza ya kilo ishirini, ikiwa bado mbichi, alibandika kiganja chake juu akagandamiza.

"Weka na wako, baunsa. Wajukuu waje waone."

Nikaweka. Viganja viwili, kimoja kinene, kingine cha mtu wa kuhesabu. Vipo mpaka leo.

Kuna kijana alikaa Dar, akarudi, akaja kujaribu vyuma vyangu. Akashindwa uzito aliosema kule anaufanyia mchezo. "Mshua, vyuma vyako vizito kuliko vya kule," akasema huku anajikanda paja. Nikamjibu, "Kule mnanyanyua upepo. Huku ni Ufipa, baridi inakishika chuma." Jimu nzima ikashangilia. Nikalirudia neno hilo kwa kila mgeni aliyeingia, na nilikuwa nalitamka kwa raha.

Basi yule dada alikaa chini ya chuma kuanzia mvua za kwanza mpaka mahindi yalipokaukia shambani. Alianza na shafti tupu, magoti yanagongana. Alipotoka, alikuwa anachuchumaa na themanini na tano mara tano na bado ana pumzi ya kunisimulia bei ya viazi. Nikamruhusu atoe tufe uvunguni. Tukapanda basi kwenda Mbeya kwenye mashindano ya mikoa yetu ya nyanda za juu kusini.

Siku moja kabla ya kurusha, wachezaji waliruhusiwa kupasha misuli kwenye jimu ya mtu binafsi, nzuri, vioo kila ukuta, sahani za chuma cheusi zimepangwa kama vyombo kabatini. Mwenye jimu, bwana mmoja wa trakisuti na filimbi shingoni, akatuona tumesimama na mfuko wetu.

"Nyie ndio wa Sumbawanga? Nasikia huko mnafanyia mazoezi na saruji."

"Umesikia vizuri," nikasema.

"Saruji si ya kujengea choo, mzee?"

Ukumbi wote ukacheka. Nikasubiri wamalize.

"Inajenga choo, inajenga na mtu. Wewe panga chuma chako hapo, huyu dada atasimama nacho."

"Huyu? Haya." Akaanza kuvisha sahani mwenyewe, anazigonga makusudi zilie. "Hii ni mia. Akichuchumaa nayo akasimama, zile sahani mbili mpya pale ukutani bebeni. Akishindwa, kesho asubuhi unafagia ukumbi huu wewe mwenyewe, na kifua chako hicho."

Dada akanivuta pembeni kwa mkono wa shati. "Kocha, mia sijawahi. Nimeishia themanini na tano."

"Najua ulipoishia. Ingia."

Uso wangu ulikuwa umetulia. Nikasogea nyuma yake, tayari kumdaka, maana ninajua mtu anavyoweza kuumia. Akaingia chini ya chuma, akakinyanyua kwenye stendi, akarudi nyuma hatua mbili, akashuka. Akasimama kama mtu aliyeinuka kwenye stuli ya jikoni kwenda kugeuza sufuria. Kisha, bila kuulizwa, akashuka tena. Na tena. Akakirudisha. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

"Fagio lenu mnaweka wapi?" nikamuuliza yule bwana. "Nataka nijue tu."

Dada alikuja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kocha, hii ni mia kweli? Mbona ni kama themanini na tano ya nyumbani?"

"Hiyo ndiyo programu, mwanangu," nikamwambia. "Nguvu imekomaa."

Kesho yake tufe lilikwenda mahali ambapo mpimaji hakuwa amesimama. Ikabidi akimbie na utepe wake. Alishinda, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, sioni haya kusema. Tulirudi na sahani mbili za chuma, zimechongwa namba ishirini ubavuni, nimezikanyaga kwa miguu chini ya kiti njia nzima, nikawasimulia abiria wa mbele, wakisinzia nikawasimulia wa nyuma.

Nilipofika karakana sikuvua hata koti. Nikaweka shafti juu ya nguzo moja ya stendi, katikati kabisa, nikavisha sahani ya Mbeya upande mmoja, na upande wa pili ile ya saruji ya ishirini, ya viganja. Nilitaka tu kuona vinavyopendeza pamoja. Shafti ikainamia upande wa saruji, ikateremka yote, sahani mpya ikaruka ikanikosa goti.

Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Watu wa Mbeya! Vioo vile vyote, filimbi ile, kumbe sahani zao zinapunja! Wamempa mgeni zawadi ya ishirini isiyofika ishirini! Sikuweza kusubiri. Nikabeba sahani moja begani, moja kwa moja mpaka godauni kwa rafiki yangu, nikawafichue mbele ya watu.

Ulikuwa wakati wa kuuza. Mikokoteni ya ng'ombe imepangana nje, wakulima wa Pito wamejitanda makoti kwa ule upepo wa kipupwe, yeye amekaa kando ya mzani na kofia yake.

"Bingwa wa mabingwa!" akaita. "Habari zako zimefika kabla ya basi!"

"Shikamooni wazee. Ndugu yangu, sogea. Nataka kuwaonyesha hawa mambo ya Mbeya."

Akaona sahani. Akasoma ile ishirini ubavuni. "Acha kwanza, bwana. Watu wana kazi. Peleka nyumbani, nitapita jioni tuongee vizuri."

"Dakika moja tu."

Nikaiweka jukwaani. Yeye hakuugusa mkono wa mzani. Nikasogeza mimi, taratibu, kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote. Mkono wa mzani ukatulia kwenye kumi na saba na ushee.

"Mnaona?" nikawageukia watu. "Imeandikwa ishirini, ukweli kumi na saba! Na ndio waliotucheka saruji yetu!"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akageuka akaanza kumfunga upya ng'ombe wake kamba ambayo haikuwa imelegea. Nikadhani hawajaelewa. Ndani ya godauni kulikuwa na mifuko ya saruji, rafiki yangu alikuwa anajenga. Nikasema, "Kama kuna anayedhani mzani ndio mkosefu, ngojeni," nikaenda kubeba mfuko mmoja.

"Shusha hiyo saruji. Utanichafulia jukwaa." Sauti hiyo nilizoea kumsikia akiwatolea matingo wa malori. Kwangu hakuwahi kuitoa.

Nikaushusha jukwaani. Mfuko wa saruji ni kilo hamsini, haijalishi umesoma au hukusoma, imeandikwa kwenye mfuko, na kila fundi anajua. Nikasogeza. Haukutulia kwenye hamsini. Nikarudisha nyuma, nikarudisha tena. Arobaini na tatu. Nikauinua mfuko, nikaupiga vumbi, nikauweka upya kama vile vumbi ndilo lililokuwa na makosa. Arobaini na tatu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kunirudia, moja baada ya jingine, ya kijana wa Dar, ya dada kule Mbeya. Chuma cha Mbeya hakikuwa chepesi. Changu ndicho kilichokuwa kizito, na aliyekifanya kizito ni mzani huu, na kama mzani huu unaita hamsini arobaini na tatu, basi kila gunia lililopanda hapa... Nikawatazama wale wazee. Walikuwa wananitazama mimi, hawautazami mzani.

"Endelea, kocha," mmoja akasema polepole. "Weka na gunia langu."

"Leo basi!" rafiki yangu akasimama. "Mzani una hitilafu. Njooni kesho."

Wakaondoka. Hakuna aliyeuliza ni hitilafu gani. Hilo lilinishangaza, sikulielewa mpaka siku iliyofuata.

Tulipobaki wawili nilichomoa jiwe la mzani kwenye ndoana yake nikaligeuza. Chini lilikuwa limetobolewa, likajazwa risasi iliyoyeyushwa, na tundu likafungwa kwa kuchomelewa, ili jiwe liwe zito na mzigo usome pungufu. Mshono mbaya, umejaa matundu kama mkate. Na maneno ya kwanza yaliyonitoka, mtu asinicheke, yalikuwa haya:

"Nani kachomelea hapa?"

"Fundi mmoja Tunduma."

"Tunduma! Karakana yangu ipo mtaa wa pili, unakwenda Tunduma?"

"Ningekuletea wewe, ungechomelea?"

"Ningekupiga nalo."

"Ndiyo maana nilikwenda Tunduma."

Nikakaa juu ya gunia. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Nikamuuliza, hata tulipokuwa tunapima sahani zangu? Hata siku ya viganja? Nikamuuliza, "Na mama yangu?"

Alivua kofia, akaipangusa mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Si nilikuwa nasema kila siku, mzani huu haumjui shangazi wala mjomba? Ningeanza kuchagua, huyu hivi, huyu vile, wangegundua." Kisha, kama mtu aliyepata pa kushikilia, akanisogelea. "Na wewe punguza sauti. Huyo bingwa wako unadhani ametengenezwa na programu yako? Ametengenezwa na mzani huu. Ulikuwa unambebesha karibu mia unaita themanini na tano. Ungejua, ungethubutu? Ungeogopa mgongo wake. Mimi nimekupa bingwa, baunsa. Ungenishukuru."

Nimekaa na neno hilo sana kuliko nilivyokaa na jiwe la risasi. Kuibiwa mahindi kuna dawa, unaenda kuuza pengine. Lakini mimi kitu changu kimoja hapa duniani ni kwamba najua uzito. Najisifia hilo kila mahali. Naweza kushika gunia nikakwambia kilo zake, na watu walikuwa wanapima kunijaribu, na nilikuwa sikosei. Nilikuwa sikosei kwa sababu walikuwa wanapima hapohapo. Bega langu lilisomea kwenye mzani ule. Mia yangu ilikuwa mia yake. Mtu niliyekula naye sahani moja aliingia mpaka ndani ya bega langu akaandika uongo, akaniacha nitembee nao nikijigamba.

Sikumpiga. Nilichukua sahani yangu ya Mbeya nikatoka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Pito kwa mama, nimekodi mkokoteni, nimepakia shafti, sahani zote mbili za chuma na ile ya saruji. Mahindi yake ya mwaka huo yalikuwa yameshafungwa, yamepangwa ukutani, yanasubiri kwenda palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na vyuma, unahamia?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa hasira, nikisimama, nikionyesha kwa mikono jiwe lilivyotobolewa. Yeye alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo."

"Ndiyo nini, mama?"

"Ndiyo, mzani unapunja. Huku tunapima kwa debe kabla ya kushona gunia. Kule likisomwa, vipimo vinapishana. Tunajua siku nyingi."

"Mnajua? Sasa kwa nini mnamuuzia?"

"Wengine wanapunja zaidi. Huyu kidogo ana haya. Na baba yako alipokufa alileta lori." Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Halafu wewe ulikuwa pale mlangoni."

"Mimi nilikuwa napakia."

"Ulikuwa unatuita. Pandisha mzigo, mzee. Mzani wa ndugu yangu." Aliiga sauti yangu, aliiga vizuri, bila kukejeli. "Tulidhani unajua."

Nilitafuta pa kukaa.

"Baadaye ukajenga karakana," akaendelea. "Ukajenga na lile banda la vyuma. Watu wakawa wanasema kisimani kwamba ni mahindi yetu hayo. Mimi wakianza, natwika ndoo yangu naondoka. Mtoto ni wako, utasemaje?"

Miaka yote ile. Nimekwenda kwake na sukari, na khanga za Krismasi, nimejisifu mbele yake kwamba nimejijenga kwa mikono hii, na yeye ananitilia ugali, ananisikiliza, anadhani anamlisha mwizi wake. Na hakupunguza tonge hata siku moja. Sijui kama lipo jambo limewahi kuniuma hivyo. Yule wa godauni aliniibia jina, akalitumia kama kibao cha duka, na lilipochakaa hakuniambia.

"Mama, sikujua."

"Nimesikia."

Alisema nimesikia. Hakusema nimeamini.

Nikafanya ninachokijua. Nilifunga kamba kwenye boriti ya banda la mkokoteni, nikaning'iniza shafti kwa katikati, nikaisogeza mpaka ikalala sawa. Upande mmoja nikavisha sahani zote mbili za Mbeya. Upande wa pili nikaning'iniza gunia tupu, nikamwomba mama aweke mahindi, yeye mwenyewe, kwa kata yake. Akaweka. Shafti ilipolala sawa nikamwambia, hii ni arobaini, ukijumlisha na gunia lenyewe. Ya kweli. Ya kiwandani. Akaizunguka, akainama, akatazama kwa upande huu na upande ule kama anavyotazama mbuzi wa kununua.

Kisha nikatoa gunia na sahani moja ya Mbeya, nikavisha saruji. Shafti ikainama yote upande wa saruji. Mama akasogea, akaitazama ile namba yangu nyekundu, ishirini, na vile viganja. Akaweka mkono wake juu ya kile kinene.

"Huu ni wako."

"Wangu."

Hakuuliza wa pili. Mkono wake uliingia wote ndani ya alama ya mkono wangu, na nafasi ikabaki. Majirani walikuwa wameanza kusogea kwenye ua, wamekunja mikono, wananisalimia kwa adabu. Wengine walikuwa na magunia yao. Sikujua, na sijui mpaka leo, wamekuja kunisikiliza au kunichunguza.

"Ulipokuwa kijana," mama akasema, "ukirudi jioni ulikuwa unaniambia leo nimebeba magunia kadhaa, kila moja mia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Zilikuwa si mia."

"Hazikuwa, mama. Zilikuwa zaidi."

Akanitazama begani, bega la kulia, lile lililoinama kidogo kuliko lenzake, ambalo siku zote nimewaambia watu ni misuli.

"Basi ulikuwa unabeba mengi kuliko tulivyojua," akasema, akaenda kuleta gunia lake la kwanza, analiburuta mwenyewe. Nikaenda kulipokea.